Feni Tatu na Jino Linalocheza

Jumatatu, 3 Machi

Limefika! Boksi limefika! Nimelikumbatia pale pale mlangoni mpaka aliyelileta akarudi hatua mbili nyuma. Ndani: rejeta nyeusi, ndefu kama mkono wangu. Mipira miwili ya maji. Pampu ya kukaa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Na feni tatu zenye taa za rangi! Kompyuta yangu itapozwa kwa maji kama gari.

Wala si anasa. Jumatatu ijayo, saa nne asubuhi, Daktari wa Meno anaonyesha filamu yangu ya katuni kwenye wodi ya watoto: jino la utotoni linacheza dansi na mswaki. Ikipendwa, nachora nyingine kumi na moja. Isipokuwa tayari, narudi ofisini kwa Bosi Kalamu (kalamu nne mfukoni, hata moja haiandiki). Kiti changu anakishikilia mpaka siku hiyo hiyo, saa mbili. Shida ni joto. Kompyuta ikianza kuunganisha picha, jino linapiga hatua tatu — puu, imezima.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga mwenyewe! Kaka yangu, fundi wa simu, alisema nimsubiri Jumapili. Nimsubiri yeye, ambaye kwake "nakuja sasa hivi" ni wiki nzima!

Feni ina uso na kisogo. Uso unang'aa, kisogo kina miguu minne na kibandiko. Nani anapamba sebule kwa visogo? Zile tatu nimezifunga kwenye rejeta, mbele ya kasha, nyuso zikitazama ndani ili nizione kupitia kioo cha ubavuni. Feni ya nyuma iliyokuwamo tangu zamani, vivyo hivyo. Ya juu, vivyo hivyo. Nimewasha — kasha zima ukumbi wa harusi! Nimecheza na bisibisi mkononi. Jirani amegonga ukuta. Nami nikamgongea.

Alhamisi, 6 Machi

Joto nyuzi tisini na saba. Imezima.

Nimebadilisha taa kuwa za buluu, nikidhani buluu ina ubaridi. Imezima tena. Nimelia kidogo, halafu nimecheka, maana hata kwenye msiba wangu taa zinapendeza.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amekuja na mfuko wa nguo zangu za ofisini, zimepigwa pasi. Amezitundika nyuma ya mlango, zikawa zinanitazama.

Mama amefuga kuku miaka thelathini. Kompyuta anaiita "hilo sanduku". Amelizunguka, kiganja mbele, kiganja nyuma, kiganja juu. Kisha:

— Mwanangu, hewa inaingilia wapi?

Nikamwambia hapa mbele. Akachana tishu, akaishika mbele ya rejeta. Ikapeperuka kwenda nje. Nyuma — nje. Juu — nje!

— Wote wanatoa, anayeingiza hakuna. Kuku wangu wangekufa wote.

Jamani! Feni huvuta hewa kwa usoni na kuitolea kisogoni. Kwa tamaa ya nyuso nzuri, nimegeuza kompyuta nzima kuwa mtu anayepumua nje tu! Nimecheka mpaka nikakaa sakafuni. Mama naye akacheka, mkono mdomoni.

Tumezigeuza zile tatu. Mimi bisibisi, yeye skrubu kiganjani, akinipa moja moja. Sasa zinavuta hewa baridi ya nje na kuipitisha kwenye rejeta, ya nyuma na ya juu zinatoa moto. Tishu mbele ikanata! Kioo sasa kinaonyesha miguu na vibandiko. Sura mbaya. Naipenda kufa. Saa kumi jioni nimebonyeza "anza". Picha elfu nne mia tatu na ishirini za kuunganisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nyuzi sitini na tatu!!! Picha elfu moja mia tatu na hamsini tayari. Mama amesema hatarudi kwake mpaka "hawa watotolewe".

Jumapili, 9 Machi

Kaka amekuja, kumbe ni Jumapili kweli. Kaangalia visogo vya feni, akauliza fundi gani kafunga hivi. Nikamwonyesha Mama. Kaomba chai. Picha elfu tatu na mia moja. Nimempiga marufuku kugusa.

Jumatatu, 10 Machi

Saa mbili kasoro ishirini. Zimebaki picha ishirini na moja. Siwezi kukaa. Nimevaa sketi ya ofisini na fulana ya kulalia — nusu kwa nusu, ndivyo nilivyo.

Mama amevuta kigoda nyuma ya kasha, kiganja kwenye feni ya kutolea. Amesema joto ni zuri, vifaranga wangelala hapo.

Saa mbili kasoro tano. Zimebaki tano. Jino limeshainama kuaga!

Simu. Bosi Kalamu. Inaita juu ya meza, inatembea kwa mtetemo kuelekea ukingoni. Nimemtazama Mama. Mama, aliyepiga pasi zile nguo! Amenyoosha mkono, akaigeuza simu kifudifudi.

— Mayai yakikaribia kutotolewa, mlango haufunguliwi, amesema. Hawa wamekaribia.

Bado inaita. Zimebaki tatu. Mama hajaondoa kiganja, nami sijaigusa simu.