Mama Triza Hapiti Mlango Bila Salamu

Kaloleni, 4 Mei 2025

Mwanangu Triza,

Habari za Doha na joto lake? Unakula vizuri? Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika, nayo yana haki. Nimemaliza! Yale mafunzo ya kuanza kukimbia nimeyamaliza yote, na sasa nakimbia kilomita tano bila kutembea. Marehemu baba yako angecheka mpaka aanguke kitini.

Ila Lydiah, mwalimu wetu, anasema kundi sasa litaongeza kasi, na mimi ndiye mkia. Wakiniacha nitarudi kukaa na redio peke yangu kama mwaka jana, na sitaki. Wewe ulikimbia shuleni. Nifanyeje?

Mama yako

Doha, 9 Mei

Mama mpenzi,

Natumai hujambo. Mimi ni mzima, kazi ya hoteli ni nyingi lakini nashukuru Mungu. Hongera sana! Wenzangu wameona picha yako ukikimbia, wanauliza hizo soksi za pinki ulinunua wapi.

Siku nyingi kimbia polepole, uweze kuongea. Siku moja kwa wiki, kimbia kwa nguvu kutoka nguzo moja ya stima hadi nyingine, kisha jivute hadi inayofuata, urudie. Na Mama, nakujua. Unasimama kila mlango kusalimia. Punga mkono upite!

Binti yako

Kaloleni, 1 Juni

Triza wangu,

Salamu nyingi. U mzima? Mimi nimezidi. Nguzo zako zimenitoa jasho lakini zimefanya kazi. Jana niliwakaribia akina Lydiah, nikasikia mmoja akiuliza, "Huyu ni Mama Triza ama amepigwa na stima?"

Sasa napunga tu. Mama Ryan amenuna eti naringa. Mzee Wathome huniita kila asubuhi, "Phelister, mbio za sakafuni huishia ukingoni! Kuja tuongee!" Napunga, napita. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Lydiah ataona nani anaendelea na kundi.

Mama yako, mwanariadha

Doha, 22 Juni

Mama, hujambo? Kimya chako kinanitisha. Umeumia goti? Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

Kaloleni, 29 Juni

Triza mwanangu,

Hujambo mama? Nisamehe. Goti ni zima, ni moyo uliouma. Siku moja Mzee Wathome aliniita, nikapunga, nikapita. Kumbe mkewe Nthenya alikuwa ameanguka bafuni, na Mzee hana nguvu za kumwinua. Nthenya alilala kwenye sakafu baridi mpaka jirani mwingine akapita. Amevunjika mkono, anapata nafuu. Mzee hakunilaumu. Heri angenigombeza.

Jana ilikuwa ile Jumamosi. Nilikuwa katikati ya kundi, pumzi iko, miguu iko. Tulipofika kwa Mzee nikasimama. Wakanipita wote. Nikaingia, nikamsalimu Nthenya, nikamwekea mto vizuri, nikamchemshia chai. Nilijua kundi limeniacha, nikalia kidogo jikoni kwao.

Nilipotoka, walikuwa wote uani, jasho likiwatiririka, wanamsikiliza Mzee akisimulia habari za kazi yake ya zamani ya reli. Lydiah akaniuliza, "Mama Triza, umemaliza kusalimia? Twende basi."

Tulienda.

Mama yako

Doha, 2 Julai

Mama yangu,

Nakusalimu, na umsalimie Nthenya. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, nikalia. Mimi ndiye niliyekuambia upunge upite, kwa sababu ndivyo ninavyoishi huku. Mlinzi wa geti letu, mtu wa Nepal, nampita kila asubuhi na sikujua hata jina lake.

Leo nilisimama. Anaitwa Bishnu, naye ana mama kwao, na alikuwa na mengi ya kusema. Nimechelewa kazini.

Binti yako