Dakika Moja na Sekunde Arobaini Walizomkata Baba

Sinza, Dar es Salaam

Baba,

Shikamoo. Na mama umfikishie shikamoo yake sasa hivi kabla hujaendelea, maana ukishasoma yaliyomo utasahau. Goti linaendeleaje? Yule ndama aliyezaliwa na mguu mbovu ameshasimama? Mimi mwili ni mzima, ila tangu Jumatatu nina hasira hata chakula hakipiti. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningefoka tu, nawe ungesema "haya" ukakata. Kwa hiyo kaa usome.

Unawakumbuka wale wageni wa kambi ya watalii waliokuja na kamera, wakakukalisha kwenye kigoda mbele ya zizi? Basi picha zao zimeletwa ofisini kwetu zitengenezwe. Dar hii yote ilivyojaa ofisi za video, zimekuja kwetu! Kazi akapewa Dulla, fundi mwenzangu tunayekaa naye meza moja. Jumatatu akaniita nimwangalizie rangi, na mimi kugeuza shingo tu nikakuona umevaa lile koti la Krismasi. Nilipiga kelele, baba. Nikaita ofisi nzima, "Njooni mumwone mzee wangu!" Wakaja na chai zao mkononi.

Mgeni anauliza, "Mzee, mmekubali njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni ihamishwe, ipishe kambi yetu?" Wanapita ng'ombe kidogo. Halafu wewe unasema, "Eeh." Muziki unapanda, imeisha hiyo.

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikairudisha nyuma nikaitazama tena. Wewe, baba? Wewe ujibu papo kwa papo? Nilipokuomba ruhusa ya kuja huku ulinyamaza siku mbili nzima, mama akawa anakuwekea chakula bila kukuuliza kitu, na siku ya tatu asubuhi ndipo ukasema "nenda". Mtu huyo huyo ndiye aiachie njia ya ng'ombe kwa neno moja, tena mbele ya mtu asiyemjua? Hapana. Nikamwambia Dulla afungue picha zenyewe, zile ambazo hazijaguswa.

Nikaona kila kitu. Mgeni anauliza. Wewe unavua kofia, unaiweka gotini. Unatazama zizi. Unatoa ugoro, unavuta, unapiga chafya. Ndama analia. Dakika moja na sekunde arobaini, nimeihesabu. Ndipo mama anapaza sauti kutoka jikoni, kwa lugha yetu, anauliza akuletee uji. Na wewe unamjibu mama, "Eeh."

Uji, baba! Uliitikia uji, wao wamekuitikisha njia!

Halafu unamgeukia mgeni, unamwambia vizuri kabisa kwa Kiswahili, "Hiyo njia baba yangu aliikuta. Siwezi kuihamisha nikiwa nimekaa hapa peke yangu. Waite wenzangu, kisha uliza tena." Maneno hayo yote yametupwa. Dulla anaapa hakujua, anasema alidhani mama anafukuza kuku. Huyo namwamini, Kinata chetu atakijulia wapi? Lakini yale maneno yako ya Kiswahili aliambiwa na bosi ayatoe, na bosi anakijua Kiswahili.

Na linaloniuma zaidi nikwambie, maana nikikuficha nitakuwa kama wao. Wale ng'ombe wanaopita katikati hawakupita saa ile. Walipigwa picha asubuhi, wakabandikwa hapo kufunika mahali palipokatwa. Ujanja huo Dulla nilimfundisha mimi. Tunaufanya kwenye harusi kila wiki: bibi harusi amechelewa saa tatu, watu wamesinzia kanisani, tunaweka maua kidogo, mara huyo ameingia. Chozi moja tunalivuta taratibu hadi wakwe nao walie. Watu wanafurahi, na mimi nilikuwa najisifu kwamba muda nauchezea nitakavyo. Sikuwahi kufikiri kuna siku nitaukuta umechezewa kwenye mdomo wa baba yangu.

Nilimfuata bosi. Akasema, "Nyangi, nani atakaa kumtazama mzee anavuta ugoro dakika nzima?" Nikamwambia huyo mzee ni baba yangu. Unajua alinijibu nini? "Basi vizuri, mpigie umwambie ametokea kwenye video." Mshenzi mkubwa! Samahani baba, lakini ndiyo hivyo. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, akaniambia nisirudi mpaka anipigie. Hajapiga, na mimi sitampigia.

Sasa sikiliza. Video hiyo wataileta kwenye mkutano wa kijiji Jumamosi ijayo, waioneshe kisha watu wapige kura. Wenzako wakikusikia na lile "eeh" lako, watasema umeuza njia, na hakuna atakayekaa nawe tena. Kwa hiyo ndani ya bahasha hii kuna flashi yenye picha zote ambazo hazijakatwa, nilizinakili kabla sijamfuata bosi. Kaka Makuru, aliyekuletea bahasha kutoka stendi ya Mugumu, aiweke mfukoni, asimpe mtu. Wao wakimaliza kuonesha yao, nanyi muoneshe hii. Mtu akitaka kuipeleka mbele kwa sababu anachoka, Makuru amzuie. Wakae waisubiri yote kama ilivyokuwa. Na mama asimame aseme mwenyewe aliuliza nini.

Nimeitazama mara nyingi, baba. Mwanzoni kwa hasira, baadaye basi tu. Ni miaka minne sijakaa karibu nawe ukiwa umenyamaza.

Nisalimie kaka Makuru, na pikipiki aiendeshe taratibu. Shangazi mwuza maziwa mwambie kitenge chake nimekipata. Jirani yetu mzee mnayenywesha naye ng'ombe, huyo msalimie wa kwanza, na umsomee barua hii kabla ya Jumamosi.

Na siku hiyo wakikuuliza tena mbele ya wenzako, vua kofia, vuta ugoro wako, nyamaza kadiri unavyotaka. Hapo hakuna wa kukukata.

Mimi binti yako,
Nyangi