Mashini ya Papa Haiuzishwi

Bel-Air, Lubumbashi

Yaya Gauthier,

Mama anakusalimia, kikohozi yake imepungua. Mvua iliangusha mupapai wetu.

Ulisema CNC ya marehemu papa, ile mashini yake ya kukata chuma kwa kompyuta, ni ya kuuzisha, juu inatetemeka ikikata chuma polepole. Kweli, ilikuwa inatetemeka. Nikaingia mu kompyuta yake, nikapunguza ukali wa motere zake kidogo kidogo, nikijaribu kila mara, mpaka ikateleza bila kushtuka. Mama akapapasa chuma yenye ilikata. "Iko laini kama yenye papa yenu alikuwa anakata," akasema, akalia.

Basi ambia ule muntu wa Kasumbalesa mwenye anataka kuinunua asilete kamyo kuichukua. Weye ni mukubwa wangu, nakuheshimu. Lakini nimebadilisha kufuli ya atelier ya papa, na ufunguo niko nao miye.

Mudogo yako asiyeogopa,
Chancelvie