Zile Nafasi Nne

Mwanangu kipenzi,

Mimi sijambo. Lile bomba la jikoni lililokuwa likikunyima usingizi limeacha kuvuja lenyewe, na sasa nyumba imekuwa kimya kupita kiasi.

Kazini wameleta kompyuta mpya. Ile kuukuu tuliyoihudumia mimi na marehemu mama yako iliandika kila kipimo cha mvua katika nafasi thelathini na sita za sifuri na moja. Kipimo chenyewe kilienea kwenye thelathini na mbili, nne zikabaki bure. Mama yako, wa zamu ya asubuhi, alizitumia kuniachia salamu mimi wa jioni. Alama moja ilimaanisha chai imo kwenye chupa. Nyingine, bado nimekununia. Miaka kumi na tisa!

Hii mpya, walikohamishia vipimo vyote vya zamani, ina thelathini na mbili tu. "Mzee, zile nne zilijaa takataka, tumezifuta," fundi aliniambia, huku akinipa fomu. Ile kuukuu ilikuwa imeshakatwakatwa kuwa vyuma chakavu.

Nilivaa miwani, nikaisoma fomu mara mbili. Mvua yote ipo, mwanangu. Nikatia sahihi kwamba hakuna kilichopotea.

Ni mimi baba yako,
wa zamu ya jioni