Mpiga Picha Hajulikani

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Baridi ya huko imepungua? Sisi huku tunasukuma siku, ila sitakudanganya kwamba sote wazima. Nimeamua kuandika barua kwa sababu simu unaikata kila nikianza kumtaja Baba. Barua haina kitufe cha kukatia. Utaisoma mpaka mwisho, upende usipende.

Baba hanijui. Sisemi ile ya kusahau jina langu, hiyo tulishaizoea. Hanijui kabisa. Anashinda kwenye meza ya chakula na zile albamu zake, zote, tangu alipokuwa karani wa dirishani mpaka alipostaafu umeneja wa benki. Baba anafungua kisima, Baba anatoa damu, Baba anakabidhi madawati, Baba anakata utepe wa maktaba. Nikimpelekea supu ananitazama usoni, kisha anapekua ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikipita juu ya kila sura. Akimaliza anafunga albamu na kuniambia kwa ile sauti yake ya kazini: "Samahani, mama. Sura yako haimo. Siwezi kupokea kitu kutoka kwako."

Unakumbuka alivyokuwa akijisifu kwamba dirishani kwake hakuna mtu aliyewahi kupita kwa picha ya mwingine? Ndiyo hiyo hiyo. Akili imeondoka, imebaki kazi. Jirani yetu fundi cherehani yumo, alipigwa picha siku ya kisima, na lile sikio lake lililokatika ndilo linalomthibitisha. Akimletea mkate anaupokea. Lakini fundi naye ana wateja wake, hawezi kuhamia hapa. Dawa hazinywi. Mkanda wa suruali nimeutoboa tundu jingine, na bado suruali inamteleza.

Kwa nini mimi simo, wewe unajua. Kamera alinipa mimi. "Wewe ndiye mkubwa, shika hii," alisema, na tangu siku hiyo kila alikokwenda nilikuwa mbele yake, jicho moja nimelifumba. Wewe umo kila mahali na kaptula yako, umebeba mkasi wa utepe juu ya mto kama bwana harusi mdogo. Mama yumo, Mungu amrehemu. Hata mbwa wa mlinzi wa benki yumo. Mimi tu ndiye simo.

Anakuulizia wewe. Mlango ukigongwa anauliza kama umetoka shule. Njoo, mdogo wangu. Sikuombi hela wala zawadi. Njoo umlishe, kwa maana kwangu mimi atakufa na njaa huku sahani iko mbele yake.

Dada yako

26 Februari

Dada yangu Kata-Vichwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu. Mimi nipo, ila mgongo unanisumbua kwa kuinua wazee. Dunia ina dhihaka: nawaogesha wazee wa watu, nawalisha kwa kijiko, nawafuta midomo, na baba yangu mzazi analala bila kula. Usidhani silioni hilo. Simu nilikuwa naikata kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka unisikie.

Siwezi kuja. Karatasi zangu za ukaazi bado ziko ofisini kwao. Nikitoka kabla hazijajibiwa, kurudi ni ndoto. Na hata nikija, Dada, fikiri vizuri. Anayemngoja ni mtoto wa kaptula. Mimi nina kipara na kitambi. Atapekua albamu mbele yangu na kuniambia sura yangu haimo, na hapo nitakuwa nimekosa huku na kule. Naogopa, ndiyo ukweli wenyewe.

Jaribu kitambulisho chako. Baba ni mtu wa vitambulisho. Na usibishane naye. Hapa tunafundishwa hivyo: mzee akisema yuko kazini, basi yuko kazini, nawe ingia kazini naye.

Halafu kuna hili. Maktaba wameniandikia. Wanataka mkusanyo wote wa picha za Baba waufanyie maonyesho, kuhusu maisha yake na alivyoutumikia mji. Nimewaambia sawa. Mzee anastahili. Usikasirike, tafadhali.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa sababu Mama alitufunza adabu. U mzima? Haya.

"Nimewaambia sawa." Wewe nani wa kusema sawa, na uko huko? Mkutubi alikuja na gari na maboksi. Ni mama mwema, sina ugomvi naye. Alikwisha kuandika vikaratasi vya kubandika chini ya picha, maana wewe ulimtumia nakala za picha. Nikasoma kimoja: "Meneja akichangia damu. Mpiga picha hajulikani." Nikakisoma kingine, vilevile. Nilicheka mpaka akanisogezea kiti, na nilipokaa nikaanza kulia. Baba alipoona albamu zinaingizwa boksini alizikumbatia na kupiga yowe la mwizi, fundi cherehani akaja mbio na mkasi mkononi. Mkutubi aliondoka mikono mitupu, maskini wa watu.

Kitambulisho nilimpa, kama ulivyoshauri. Alikigeuza, akakipeleka dirishani kwenye mwanga, akanitazama, akakitazama. "Ni chako," akasema, "na picha ni yako. Lakini akaunti hii si yako." Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Anakunywa maji ya bomba kwa mkono wake, na mkate wa fundi siku ambazo fundi anapata nafasi. Basi. Jana nilimshika kwa nguvu nimtie dawa mdomoni. Hakupigana. Alinitazama tu, kama mtu aliyevamiwa na majambazi ambaye ameamua kutulia ili asiumizwe. Nikamwachia, kidonge kikaanguka sakafuni. Sijawahi kujichukia namna ile.

Uliondoka na albamu ndogo ya Mama. Itafute. Lazima kuna hata moja ambayo nimo, hata mgongo, hata nusu ya sikio. Nakuomba kwa jina la marehemu.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Baba ameamkaje? Na wewe unalala kidogo?

Nimeipekua albamu ya Mama ukurasa kwa ukurasa. Wewe humo. Kuna Baba asiye na kichwa akifungua kisima. Kuna Baba asiye na kichwa akikabidhi kombe la mpira, ila kombe limetoka vizuri sana. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Sauti yake bado ninayo masikioni: "Usinikate kichwa, binti!" Ulimkata miaka na miaka, na hakutupa hata moja.

Basi nimekutengeneza. Usishtuke. Kwenye picha ya kufungua maktaba kuna nafasi kushoto kwa Baba. Nimekutoa kwenye picha ya darasa lenu ya siku uliyomaliza shule, niliyoiomba shuleni kwenu, nikakuweka hapo kwa kompyuta, nikaichapa kwenye karatasi nene yenye ukingo mweupe kama zile za zamani. Nimemwonyesha mwenzangu wa kazini, hakushuku chochote. Imo humu ndani ya bahasha. Ichomeke kwenye albamu Baba akiwa amelala, kisha mpelekee supu kama kawaida.

Itafaa, Dada. Lazima ifae, kwa sababu sina kingine cha kukutumia.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina salamu, unisamehe.

Niliichomeka. Nikaleta supu. Akapekua, akaifikia, akasimama hapo. Nikaona uso unalainika, nikamsogezea bakuli. Halafu akavaa miwani. Akaitoa picha, akaiinamia, akasema: "Imeghushiwa." Akaniuliza nimeiingiza lini na nashirikiana na nani. Baba yetu, akiniita tapeli.

Amezifungia albamu zote kabatini, ufunguo kauvaa shingoni. Kwa hiyo sasa hakuna albamu, na bila albamu hakuna mtu anayeweza kuthibitishwa. Hata fundi cherehani na sikio lake amerudishwa mlangoni. "Dirisha limefungwa," anasema kwa kila mtu. Amekataa chakula chote.

Leo amelazwa. Wamemfunga mikono kwenye kitanda asing'oe dripu. Mikono ile iliyokata tepe za mji mzima, imefungwa bandeji kwenye vyuma. Daktari kaniambia nijiandae.

Njoo. Achana na karatasi. Njoo akukatae na wewe, tukataliwe wawili. Peke yangu nimeshindwa.

Dada yako

6 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijui hata nikuulize hali namna gani. Simu yako imezimwa tangu barua ile. Ya fundi nayo haipatikani. Hospitali wananiambia nipige kesho, na kesho wananiambia hivyo hivyo.

Kama amekwenda, niambie amekwenda. Kama ni ile picha yangu iliyommaliza, niambie na hilo, usinifiche kwa huruma. Leo nilimlisha mzee mmoja hapa, akanishika mkono akasema asante mwanangu, nikaacha bakuli nikaenda kujifungia chooni.

Nimewaambia ofisini wakae na karatasi zao. Nakata tiketi. Sijui nakata tiketi ya kuja kumwona au ya kuja kumzika. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Pumua kwanza. Baba yupo, yuko hapa mezani mbele yangu. Simu yangu iliibwa wodini. Baba alisema kila mtu ni tapeli, kumbe mmoja alikuwa kweli. Fundi naye simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya pasi, ndiyo maana.

Walituruhusu kurudi nyumbani. Kupona hajapona, ila walikuwa hawana la kufanya zaidi, na vidonda vya kufungwa vilikuwa vimeanza mikononi. Siku tuliyofika alikaa kwenye kiti chake, akanitazama, akasema: "Wewe ndiye karani mpya? Keti." Nikakumbuka maneno yako. Nikaingia kazini. "Ndiyo, Meneja," nikamjibu.

Akavua ufunguo, akanituma nilete albamu. Akaitoa picha yako ya kughushi, akaiweka kando ya ile halisi ya maktaba. Alitaka kunifundisha namna ya kumkamata tapeli. "Usitazame sura," akasema, "sura inadanganya. Tazama vivuli. Jua lilikuwa mgongoni kwa mpiga picha, kwa hiyo sote vivuli vyetu vimeanguka nyuma yetu. Huyu msichana cha kwake kimeanguka ubavuni. Siku hiyo hakusimama hapa."

Kidole chake kilikuwa bado kwenye picha halisi, pale chini, karibu na viatu vyake. Kuna kivuli pale kwenye zege. Kichwa kidogo, viwiko vimetoka nje huku na huku kama masikio ya sufuria. Nimekiona kile kivuli maisha yangu yote, na siku zote nilikiona kama kosa langu jingine, pamoja na vichwa. Nikamwuliza: "Na hiki ni cha nani, Meneja?"

Akacheka. Mdogo wangu, Baba alicheka. "Hicho ni cha binti yangu," akasema. "Yumo kwenye picha zote. Mwenye studio alitaka kukikata, nikamwambia akithubutu napeleka kazi kwingine." Akanifungulia picha ya kisima, akanionyesha. Madawati, akanionyesha. Mahali pengine nimemkanyaga miguu, mahali pengine nimefika magotini. Nilikuwa nalia mpaka matone yanadondoka mezani, naye akasogeza albamu isilowe.

Nikamwuliza huyo binti yuko wapi. "Anakuja," akasema. "Huwa hachelewi."

Nikaenda chumbani nikaivuta kamera kutoka uvunguni. Filamu haina, na kifuniko kimevunjika. Nikasimama mlangoni nikaiweka usoni. Na Baba, ambaye wauguzi wawili walikuwa wakimwinua kwa taabu, aliinuka mwenyewe akashika meza. Akarekebisha tai ambayo hajaivaa. "Umefika," akasema. "Haya basi. Lakini usinikate kichwa, binti."

Nikaishusha kamera nimkumbatie. Akarudi nyuma. "Samahani, mama," akasema, "nikusaidie nini?"

Ndivyo tunavyoishi sasa. Nikimwonyesha uso hanijui, nikiuficha ananijua. Kijiko mkono wa kulia, kamera mkono wa kushoto, namtazama baba yangu kupitia kitundu. Namwambia nampiga picha akila, naye anafungua mdomo. Dawa vilevile. Nusu ya supu inaishia shatini, maana kwa jicho moja nakosa shabaha, na mkono unakufa ganzi. Kila tukimaliza anauliza picha zitasafishwa lini, namjibu Jumamosi. Daktari amepita, amesema bado tuko palepale pa hatari. Mimi nimechoka, sikufichi. Kuna wakati natamani anione uso mara moja tu, hata kwa bahati mbaya. Halafu naona kijiko kimerudi kitupu, naongeza kingine.

Njoo na kipara chako. Ukifika usijieleze wewe ni nani. Chukua mto kwenye kochi, uweke mkasi juu yake, simama kushoto kwa Baba kama zamani. Mimi nitakuwa mbele yenu.

Picha maktaba watazichukua, siku Baba atakapokuwa hazihitaji tena. Lakini vile vikaratasi mkutubi ameahidi kuviandika upya. Nilimkalisha hapa mezani nikamwambia atazame chini ya kila picha, pale miguuni.

Dada yako,
anayejulikana