Ukurasa Wako Kabatini

Mdogo wangu Tumpe,

Leo nimechoma vyungu peke yangu hapa Ikombe, na hata moto umenikera, kama kila kitu kinavyonikera tangu uondoke. Unakumbuka tulipopeleka vyungu Talatala, mwezi wa kwanza wa ndoa yako? Baba mkwe wako alitokea njiani, nawe kwa mwiko wa huko ulikoolewa, mkamwana asionane na mkwewe, ukaruka migombani na mzigo kichwani. Vyungu viwili vikapasuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Bora vyungu, dada," ulisema, ukijifuta matope.

Kumbe mzee huyo huyo ndiye angeshika ufunguo. Daktari Mdachi wa misheni alimfundisha kusoma, kupima dawa na kutunza kitabu cha wagonjwa, kinachofungiwa kabatini. Wewe ulikuwa umeshaandikwa humo kabla hujaolewa, ulipolazwa misheni mimi nikiwa huku kwenye udongo. Nilikuuliza daktari aliandika nini. "Ni yangu na yeye, dada. Wakwe wakijua watasema wameoa mgonjwa." Nikakuacha. Najuta kukuacha.

Homa iliporudi, daktari alikuwa ameitwa bomani, mwendo wa siku mbili. Tulikubeba kwa machela mpaka misheni, huna fahamu. Tulipokuingiza, mzee alitoka kwa mlango wa nyuma, akasimama nje na kuongea nami dirishani, ametugeuzia mgongo.

"Fungua kitabu, baba. Kuna jambo la Tumpe humo."

"Ukurasa wake ni mwili wake, mama. Mkwe hasomi mwili wa mkamwana."

"Basi nipe ufunguo nisome mwenyewe."

"Daktari amekataza. Siri ya mgonjwa hafunguliwi mtu wa nje mpaka mwenyewe aruhusu."

"Hawezi kusema. Ataruhusuje?"

Alipitisha mkono dirishani na kwinini, dawa anayompa kila mwenye homa. Mimi ndiye niliyekunywesha, Tumpe, nikikushika kichwa na kukutilia tone kwa tone mpaka umeze. Kabla ya jioni mkojo wako uligeuka mweusi. Asubuhi ya pili hukuwepo tena.

Daktari aliporudi alifungua kabati, akasoma, akaketi. Nilimnyang'anya kitabu. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili, ili mzee, msaidizi wake, aelewe: "Asipewe kwinini tena." Basi. Maneno matatu, hatua tano kutoka kitanda chako. Mwiko wa wakwe na sheria ya Mdachi havijawahi kupatana kwa lolote, ila siku ile vilipatana juu yako. Na mzee anasifiwa mpaka leo kuwa mtu wa heshima.

Kanisani wananihimiza nisamehe. Sijasamehe, na sitakudanganya wewe.

Juzi mzee alikuja kwa mtumbwi kutaka chungu cha maji. "Ugonile, mama," akanisalimu. Nilimpa kimoja, nikamwambia akigeuze asome kitakoni, pale nilipochora maneno yale matatu udongo ukiwa mbichi. Huyu mtu aliyeshindwa kusoma ukurasa alisoma chungu, taratibu, neno kwa neno, kwa sauti. Kisha akakiweka chini na kuniuliza kama sina kingine.

Nilimwambia vyote vimeandikwa.

Pumzika, mdogo wangu. Udongo wako wa vyungu bado nauchimba mahali petu.

Dada yako,
niliyekunywesha