Risasi ya Kutangulia

Buruburu Phase Three,
Nairobi.
Jumatano jioni

Mpendwa Baba,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na ule mguu wako wa kushoto umepunguza malalamiko sasa mvua zimekatika. Mama namsalimu sana, pamoja na kuku wake wote isipokuwa yule jogoo aliyenikimbiza Desemba mbele ya wakwe. Huku sisi ni wazima. Mourine anaendelea na cherehani yake, watoto wanasoma, na maji ya mfereji yamerudi kwenye nyumba za koti letu, kwa hiyo tumeacha kuoga kwa kikombe.

Utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Lakini simu yangu hupokei, Baba. Tangu Wamalwa aumizwe na nyati, nikipiga inaita mpaka inanyamaza yenyewe, na Mama akiishika ananiambia umelala. Saa nne za asubuhi, wewe ambaye hujawahi kulala mchana hata ukiwa na malaria. Sababu naijua. Dada Lenah amenieleza ulivyosema nje ya kanisa, watu wakisikia, kwamba risasi zangu za shaba ndizo zilizomvunja ndugu yangu paja, na kwamba ningeacha mambo ya wazungu nikafuata ulichonifundisha. Maneno hayo yaliniuma sana. Ndiyo maana nimemwomba Lenah akupe barua hii mkononi, na nakusihi uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Kwanza habari za mgonjwa. Wamalwa amefanyiwa upasuaji na mfupa umetiwa vyuma. Anakula, na ameanza kuwachokoza wauguzi, kwa hiyo ujue roho yake haijavunjika. Daktari anasema atatembea, ila asiwe na haraka. Gharama zote zinalipwa na hifadhi ya Lerashi iliyomwajiri, mradi ionekane kwamba aliumia akifuata utaratibu wa kazi. Neno hilo utaratibu likumbuke, maana nitalirudia.

Baba, ulikuwa askari wa wanyamapori miaka mingi, na bunduki uliijua kabla mimi sijazaliwa. Siwezi kukufundisha. Lakini hizi za shaba hukuwahi kuzishika, na umezihukumu bila kuzisikiliza. Wakubwa wa Lerashi, ambao mimi huwatengenezea bunduki, waliziagiza kwa sababu zile za zamani, zenye madini ya risasi tumboni, hupasuka vipande vidogo ndani ya mnyama, na tumbusi wakija kula mzoga wanakufa kwa sumu. Hata mimi nilicheka. Nilimwambia Mourine kwamba nimesomea bunduki nikaishia kuwa daktari wa tumbusi.

Nilipozijaribu mara ya kwanza zilitawanyika kwenye shabaha kama mtama uliorushiwa kuku. Nilitaka kuzirudisha zilikotoka. Kisha ubishi ukanishika, ule ule unaosema nimeurithi kwa Mama. Nikagundua kwamba shaba ni nyepesi, kwa hiyo risasi yenye uzito ule ule inakuwa ndefu mno, na mtutu wetu unashindwa kuizungusha sawasawa. Nikachukua nyepesi kidogo, inayokwenda kasi zaidi. Nikagundua pia haipendi kuegemea mifuo ya mtutu, ile michirizi ya ndani inayoizungusha, kabla ya kuondoka, inataka iachiwe nafasi ndogo mbele yake. Na zaidi ya yote haitaki uchafu wa risasi zilizoitangulia. Nilisugua mtutu ule kwa dawa, nikavuta kitambaa baada ya kitambaa, kila kimoja kikitoka na buluu, mpaka hatimaye kikatoka cheupe. Nyumbani Mourine alikataa nimshikie sahani kwa harufu ya mikono yangu. Lakini niliporudi uwanjani, matundu matatu yaliingia chini ya kifuniko kimoja cha soda. Niliketi palepale kwenye vumbi nikacheka peke yangu. Nilitamani sana ungekuwepo uone.

Siku ya kukabidhi bunduki niliwaambia wapigaji wote, Wamalwa akiwa mstari wa mbele, kwamba sasa imelengwa kwa risasi hizi peke yake. Ukiweka ya zamani itapiga kwingine, chini na pembeni, na hutajua mpaka uwe umechelewa. Waliitikia wote.

Siku ya balaa walitumwa kumfuata nyati mzee aliyekuwa amemuua mchungaji wa ng'ombe. Wamalwa alikwenda na mwenzake Mbaluka, kijana wa Kitui, mtu makini. Mbaluka anasema Wamalwa alitulia vizuri, akavuta pumzi, akapiga bila papara. Lakini badala ya bega, nyati alipatwa chini, kwenye mguu. Yaliyofuata unayajua. Mnyama alimjia Wamalwa na kumrusha, na Mbaluka akammaliza nyati kwa bunduki yake mwenyewe.

Bunduki ya Wamalwa aliileta Mbaluka kwenye karakana yangu Industrial Area, pamoja na ganda la risasi aliyopiga, ndani ya mfuko. Aliniambia, "Fundi, hii maneno itakuangukia wewe. Jipange." Alipoondoka nikafungua mfuko. Ganda halikuwa letu. Lilikuwa la zamani, limesuguliwa kwa majivu mpaka likang'aa, na karibu na kitako chake palikuwa na msalaba mdogo uliochorwa kwa msumari.

Baba, mikono hii ndiyo iliyokuwa ikikusugulia risasi hizo Jumamosi nilipokuwa mtoto, nawe ukizichora msalaba mmoja mmoja. Sikuhitaji kuuliza ni la nani. Hata hivyo nilikwenda hospitalini nikamwuliza Wamalwa, na mtoto wako akalia. Alisema siku ya maombi ya kumuaga, alipopata kazi Lerashi, ulimwita nyuma ya nyumba ukamwekea risasi ile kiganjani. Ulimwambia hiyo ndiyo ya kutangulia, imeombewa, na kwamba wewe hukuwahi kukosa kwa risasi iliyoombewa. Aliitunza kwa ajili ya siku ya mnyama mkubwa. Siku hiyo ilipofika alinikumbuka mimi na onyo langu, akakukumbuka na wewe, akaamua baraka ya baba itangulie. Akaniomba nisikuambie kamwe. Nikakubali, na ningenyamaza mpaka kaburini.

Lakini Jumapili Lenah alifika kutoka nyumbani na unga wa wimbi, ndizi, na soksi ya kijivu iliyofungwa fundo, ya Wamalwa. Alisema umeagiza kwamba akirudi kazini aachane na takataka za shaba. Nikaiona soksi ni nzito kuliko soksi. Niliifungua chooni, na unajua nilichokuta. Mbili, na misalaba yake. Lenah alipita vizuizi vyote vya polisi na soksi hiyo mapajani akidhani ni dawa ya kienyeji. Nilikasirika, Baba. Hata sasa ninapoandika bado nimekasirika, na nakuomba unisamehe kwa kukuambia hivyo.

Ijumaa hii kamati ya hifadhi inakaa kuuliza nani alikosea. Nikisema kweli, Wamalwa atakuwa amevunja utaratibu. Kazi itakwisha, na hospitali atajilipia. Wataniuliza risasi ile ilitoka wapi, na kutoka hapo hadi mlangoni kwako ni safari fupi kwa polisi, maana serikali haitambui maombi kama kibali cha kuweka risasi nyumbani. Nikikaa kimya, watalaumu shaba kama ulivyolaumu wewe, na kazi yangu yote itatupwa, na tumbusi waendelee kufa.

Kwa hiyo nitasema skrubu ya darubini ya kulengea ya bunduki ile sikuikaza. Ganda letu la majaribio nimeshaliweka mfukoni mahali pa lile lako. Nitasema risasi ni nzuri, mpigaji ni mzuri, fundi ndiye mzembe. Ni uongo, na nitautamka mimi shemasi, na Mourine ambaye nimemweleza hajaniunga mkono wala hajanikataza. Tangu jana anashona tu. Sijui kama nafanya vyema. Najua tu kwamba baada ya Ijumaa hakuna hifadhi itakayoniletea bunduki tena. Usidhani nafanya hivi kwa moyo mweupe. Bunduki ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nitaiita mbovu mbele ya watu wanaoniamini.

Zile mbili za kwenye soksi nimezibomoa, baruti nikaimwaga. Kama umebaki na nyingine, na nakujua umebaki nazo, zitupe kwenye shimo la choo usiku huu huu. Ukitaka kumbariki Wamalwa, mwekee mkono kichwani. Barua hii ukiimaliza itie mekoni kabla Mama hajaiona.

Msalimie Mama, shangazi wa pale mtoni, na mzee wa kanisa aliyekuwa akikusikiliza siku ile uliponitaja. Watoto wanakusalimu, na mdogo anauliza lini utakuja kumtengenezea manati. Sikuombi uniombe radhi. Sijawahi kuona mzazi akifanya hivyo, na ningeona haya. Lakini Jumapili baada ya ibada nitapiga simu, nikiwa mtu asiye na kazi. Usimpe Mama. Ipokee mwenyewe.

Mwanao,
Zedekiah Wakoli